Habari Nayo ni Bidhaa: Namna Uvumi wa Afya Unavyoenea na Kushawishi Wakati wa Janga

Mlaji anaponunua unga, huutazama mfuko. Husoma jina la mtengenezaji, uzito na tarehe ya mwisho wa matumizi. Akiona mfuko umetoboka, huurudisha kwa muuzaji. Lakini ipo bidhaa ambayo wengi wetu huipokea kila siku bila kuikagua, huitumia siku hiyohiyo, kisha huwagawia watu wanaowapenda kuliko wote. Bidhaa hiyo ni habari kuhusu afya. Katika siku za kawaida uzembe huo huweza kupita bila madhara makubwa. Wakati wa janga huweza kuua.

Katika sura hii tunaeleza namna uvumi wa afya unavyozaliwa, unavyosafiri na unavyomshawishi mtu, kisha tunaonyesha jinsi ya kuukagua. Mifano yetu mingi imetokana na UVIKO-19, kwa kuwa ndilo janga ambalo wasomaji wetu wengi wamelipitia. Hatuandiki ili kumcheka yeyote aliyeamini. Uvumi huwanasa watu wenye akili timamu, na mara nyingi huwanasa kwa sababu wanawajali wenzao.

Pengo ambalo uvumi hulijaza

Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 alitangazwa nchini Kenya tarehe 13 Machi 2020, na nchini Tanzania tarehe 16 ya mwezi huohuo. Siku hizo kila nyumba ilikuwa na maswali yaleyale. Ugonjwa huu unaambukizwaje? Una dawa? Mzee wetu mwenye kisukari akiupata, atapona? Maswali hayo yalikuwa ya haki, lakini majibu ya uhakika yalikuwa machache, kwa kuwa virusi vyenyewe vilikuwa vimejulikana kwa miezi michache tu.

Utafiti wa dawa huhitaji muda. Wagonjwa wengi hugawanywa katika makundi, kundi moja likapewa dawa na jingine lisipewe, kisha wote wakafuatiliwa ili ijulikane kama waliopewa wamenufaika kweli au wangepona hata bila dawa hiyo. Utafiti mkubwa wa namna hiyo uliofanywa Uingereza ulionyesha mwezi Juni 2020 kwamba haidroksiklorokwini haikuwasaidia wagonjwa waliolazwa hospitalini, na kwamba deksamethasoni, dawa ya bei nafuu iliyotumika kwa miaka mingi, ilipunguza vifo vya wagonjwa waliohitaji oksijeni au mashine ya kupumulia. Hadi matokeo hayo yalipotangazwa, miezi ilikuwa imepita. Uvumi hauhitaji hata wiki moja. Hutungwa jioni, na asubuhi umekwisha kufika mikoa ya mbali.

Jambo jingine lililoupa uvumi nafasi ni kubadilika kwa maelekezo. Mwanzoni Shirika la Afya Duniani halikupendekeza barakoa kwa watu wote wasio wagonjwa. Tarehe 5 Juni 2020 lilibadili ushauri huo, likazitaka serikali zihimize barakoa za kitambaa mahali penye maambukizi mengi ambapo watu hawawezi kukaa mbalimbali. Kwa mtafiti, kubadili ushauri baada ya kupata ushahidi mpya ni sehemu ya uaminifu wa kazi. Kwa mlaji aliyeambiwa hivi mwezi Machi na vile mwezi Juni, mabadiliko hayo yalionekana kama kigeugeu. Tunakiri kwamba taasisi za umma kwa jumla hazikueleza vya kutosha kwa nini ushauri hubadilika. Uvumi hausumbuliwi na jambo hilo; husema kwa uhakika uleule kila siku, na uhakika huo humvutia mtu aliyechoshwa na mashaka. Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alikwisha kuonya mwezi Februari 2020 kwamba dunia ilikuwa ikipambana na milipuko miwili kwa pamoja: wa ugonjwa na wa habari.

Chai ya usiku wa manane

Mwezi huo wa Machi 2020, simu ziliita usiku katika sehemu mbalimbali za Kenya. Ndugu waliwaamsha ndugu zao wanywe chai ya rangi isiyo na sukari kabla ya mapambazuko, kwa maelezo kwamba mtoto mchanga amesema na kuitaja chai hiyo kuwa kinga ya korona. Watu wengi waliamka, wakainjika maji, wakanywa.

Kisa hiki chaweza kuchekesha, lakini kina mafunzo. Aliyepiga simu alikuwa mama, kaka au shemeji, wala hakuwa na kitu cha kuuza. Alichokiomba kilikuwa chepesi na kilipatikana jikoni. Aliyepokea simu alipima hivi: likiwa kweli, nitakuwa nimejiokoa, likiwa uongo, sijapoteza ila usingizi kidogo. Hesabu hiyo haikuwa ya mjinga. Kasoro yake ni kwamba anayeizoea huitumia tena siku ambayo ujumbe unamtaka ameze kitu chenye sumu, aache dawa ya shinikizo la damu, au asimpeleke mgonjwa kituo cha afya.

Mbinu tano za ushawishi

Tumezipitia habari potofu nyingi za wakati ule, na tumeona kwamba nyingi hutumia mbinu chache zinazojirudia.

Ya kwanza ni punje ya ukweli. Uongo mtupu hutambulika upesi. Uvumi wenye nguvu huanza na jambo la kweli. Artemisinini, dawa muhimu dhidi ya malaria, hutokana na mmea wa artemisia, na mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa ugunduzi huo. Mwezi Aprili 2020 Rais Andry Rajoelina wa Madagaska alizindua kinywaji kilichotengenezwa kwa mmea huo, Covid-Organics, akisema kinakinga na kutibu UVIKO-19. Nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwa miongoni mwao, zilipokea shehena yake. Wengi walifurahi kuona dawa ikitoka kwetu Afrika, na furaha hiyo haikuwa kosa. Lakini mmea kuwa na dawa ya malaria si uthibitisho kwamba unatibu ugonjwa wa virusi, na Shirika la Afya Duniani lilisisitiza kwamba majaribio yalihitajika kwanza. Mwezi Julai mwaka huohuo maambukizi yalipanda Madagaska, na mji mkuu, Antananarivo, ukarudishiwa amri ya watu kukaa nyumbani.

Mfano mchungu zaidi ulitokea Iran. Ni kweli kwamba kitakasa mikono chenye kileo huua virusi vilivyo juu ya ngozi. Kutokana na ukweli huo ulienea uvumi kwamba kunywa kileo huvisafisha virusi ndani ya mwili. Katika nchi ambayo pombe imepigwa marufuku, waliotafuta kinywaji hicho walipata pombe haramu yenye methanoli, ambayo ni sumu inayopofusha na kuua. Kwa mujibu wa taarifa za mamlaka za nchi hiyo, zaidi ya watu 700 walikufa kwa methanoli kati ya mwezi Februari na Aprili 2020.

Ya pili ni jina la kuazima. Mapema mwaka 2020 ulizunguka duniani ujumbe uliodaiwa kutoka UNICEF, ukisema kwamba virusi vya korona haviwezi kuishi penye joto la nyuzi 26 au 27 na kwamba watu wajiepushe na aiskrimu. UNICEF ilitangaza hadharani kwamba ujumbe huo si wake. Mkaaji wa Mombasa au Tanga, ambako joto hupita kiwango hicho karibu mwaka mzima, alikuwa na kila sababu ya kuupenda. Tuuchunguze uvumi kwa makini zaidi unapotuambia jambo ambalo tungependa liwe kweli.

Ya tatu ni sauti ya mtu wa kwetu. Ujumbe wa sauti wenye lafudhi ya nyumbani, unaoanza kwa salamu na kusema kwamba msemaji ana ndugu anayefanya kazi hospitalini, huaminika kuliko tangazo la serikali. Hatumjui msemaji, lakini sauti yake inafanana na ya watu tunaowajua, na aliyetuletea ni mtu wetu. Imani tuliyo nayo kwa mletaji tunaihamishia kwa mtungaji, ambaye pengine hata mletaji hamfahamu.

Ya nne ni haraka pamoja na siri. “Sambaza kabla hawajaufuta.” “Madaktari hawataki ujue.” Maneno ya namna hii hufanya kazi mbili. Humnyima msomaji muda wa kufikiri, na tena humwandalia jibu kabla ya swali: daktari akikanusha, kukanusha kwake kunageuka kuwa ushahidi kwamba anaficha.

Ya tano ni jeraha la zamani. Si kila shaka ni upumbavu. Nyingine zina historia. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo huko Kano, Nigeria, kampuni moja kubwa ya dawa ya Marekani ilifanya majaribio ya dawa mpya kwa watoto. Baadhi ya watoto walikufa, na madai kwamba wazazi hawakuombwa ridhaa ipasavyo yalifika mahakamani na kumalizika kwa malipo ya fidia. Mwaka 2003 ulipoenea uvumi kwamba chanjo ya polio inawafanya watoto wawe tasa, uliwakuta watu waliokwisha kuumizwa, na Kano pamoja na majimbo mengine ya kaskazini yakasimamisha chanjo hiyo. Virusi vya polio kutoka huko vikavuka mipaka na kuingia katika nchi zilizokuwa zimekwisha kuutokomeza ugonjwa huo. Uvumi ulikuwa wa uongo, lakini uliota katika jeraha la kweli, na watoto ndio waliolipa mara mbili.

Safari ya ujumbe

Wahenga walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo ilizaliwa wakati ambapo habari ilipita mdomo kwa mdomo, na aliyeisikia aliweza kumwendea aliyeisema na kumuuliza. Leo ujumbe mmoja hupita katika makundi ya familia, ya kanisa au msikiti, ya vikoba na ya wazazi wa shule, na kila unapopita hupoteza kitu. Jina la mwandishi huondoka kwanza. Tarehe hufuata. Kisha maneno ya tahadhari kama “huenda” na “kwa baadhi ya wagonjwa” hukatwa ili ujumbe uwe mfupi. Kilichoanza kama dhana ya mtu mmoja hufika kwetu kikiwa agizo.

Zaidi ya hayo, marudio hujenga imani. Mtu akiupata ujumbe uleule kwa shangazi asubuhi, kwa mfanyakazi mwenzake mchana na kwa jirani jioni, huhesabu mashahidi watatu, ilhali wote watatu wamekunywa katika kisima kimoja. Nasi tunaosambaza kwa nia ya kukanusha huweza kuongeza marudio hayo, tusipoweka ukweli mbele na uongo nyuma.

Habari njema ni kwamba kizuizi kidogo huleta tofauti kubwa. Mwezi Aprili 2020 WhatsApp iliweka sharti kwamba ujumbe uliokwisha kupelekwa mara nyingi uweze kupelekwa kwa mtu mmoja au kundi moja tu kwa wakati mmoja. Wiki chache baadaye kampuni hiyo ilieleza kwamba jumbe za aina hiyo zimepungua kwa asilimia 70. Hakuna aliyekatazwa kusema; watu walicheleweshwa kidogo tu, na wengi wakaacha. Mlaji anaweza kujiwekea kizuizi hicho mwenyewe. Akiona juu ya ujumbe alama ya mishale miwili, ajue kwamba umepita mikononi mwa wengi kabla ya kumfikia.

Gharama anayolipa mlaji

Gharama ya kwanza ni fedha. Hofu hupandisha bei. Mwezi Machi 2020 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliamuru duka moja kubwa liwarudishie fedha wateja waliouziwa vitakasa mikono kwa bei iliyopandishwa. Aliyelipia zaidi kitakasa mikono angalau alipata kitu cha kumfaa. Aliyenunua dawa ya uongo hakupata kitu.

Gharama ya pili ni afya. Habari za klorokwini ziliposambaa mwezi Machi 2020, watu walilazwa jijini Lagos kwa kuzidisha dawa hiyo, na katika jimbo la Arizona, Marekani, mwanamume mmoja alikufa baada ya kumeza kemikali ya kusafishia tangi la samaki yenye kiambato cha jina hilo. Wagonjwa wa lupasi na wa baridi yabisi, ambao huhitaji haidroksiklorokwini kwa matibabu yao halali, katika nchi kadhaa waliikosa kwa sababu ilinunuliwa na wasioihitaji.

Gharama ya tatu ndiyo kubwa na ndiyo isiyoonekana: ni muda. Tuchukue mfano wa kujifukiza. Mvuke huweza kumpa nafuu mtu aliyezibwa pua, na desturi hiyo ina heshima yake katika nyumba zetu. Lakini hakuna ushahidi kwamba mvuke huviua virusi vilivyokwisha kuingia mapafuni, na sufuria la maji ya moto chini ya shuka limewaunguza watu, hasa watoto. Madhara makubwa zaidi huja pale mgonjwa anayehema kwa shida anapofukizwa siku tatu nyumbani akisubiri nafuu, wakati alihitaji oksijeni siku ya kwanza. Aliyemfukiza alifanya hivyo kwa mapenzi. Siku tatu hizo hazirudi.

Maswali matano kabla ya kuamini

Tunapendekeza habari ya afya ikaguliwe kama bidhaa nyingine yoyote.

1. Nani ameitengeneza? Tafuta jina la mtu au taasisi inayoweza kuulizwa. Ikitajwa taasisi, nenda kwenye tangazo la taasisi yenyewe. “Daktari mmoja” asiye na jina wala kituo cha kazi hawezi kuulizwa.

2. Imetengenezwa lini na wapi? Picha na video za zamani, au za nchi nyingine, hutumwa upya kana kwamba ni za leo na za hapa kwetu.

3. Nani mwingine anaithibitisha? Muulize mfamasia, mhudumu wa afya wa jamii au kituo cha afya kilicho karibu. Nchini Tanzania, Wizara ya Afya hupokea maswali kwa simu ya bure namba 199.

4. Nani ananufaika? Ukiona mwishoni namba ya kutuma fedha, bei ya “chupa za mwisho zilizobaki”, au ushuhuda wa watu waliopona wote bila mmoja aliyeshindwa, elewa kwamba unasoma tangazo la biashara.

5. Nikikosea, nitapoteza nini? Kama jibu ni usingizi kidogo, hasara ni ndogo. Kama jibu ni figo, macho, dawa iliyoachwa au mgonjwa aliyecheleweshwa, usifanye lolote kabla ya kupata jibu la mtaalamu.

Unaponunua dawa, nunua katika famasia au duka la dawa lililosajiliwa. Tazama namba ya usajili, namba ya toleo, jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha dai risiti. Masharti haya yanahusu pia dawa za asili. Hatuzidharau, muuzaji anayeiheshimu dawa yake hataona tabu kuipeleka ikachunguzwe na kusajiliwa. Anayedai kwamba dawa moja inatibu korona, kisukari, saratani na ugumba anastahili kuogopwa kuliko ugonjwa.

Kumrekebisha ndugu bila kumvunjia heshima

Wasomaji wengi hujikuta katika hali hii: aliyetuma uvumi kundini ni mkubwa wao, na kumsahihisha mbele ya watoto na wakwe ni kumwaibisha. Akiaibishwa atautetea ujumbe ili kulinda heshima yake. Ni bora kumpigia simu au kumwandikia peke yake, kwa mfano hivi:

“Shikamoo mama mkubwa. Nimeuona ujumbe ulioutuma kundini, na nimeelewa kwamba unatujali sote. Nilimuuliza mfamasia wetu kuhusu dawa ile, akasema inaweza kumdhuru mtu mwenye shinikizo la damu kama baba mdogo. Naomba utusaidie kuwajulisha wengine, maana wewe ndiye wanayekusikiliza.”

Maneno haya yanatambua nia njema, yanaleta jina la mtu anayeweza kuulizwa, na yanamwachia mama mkubwa kazi ya kuurekebisha ujumbe kwa mdomo wake mwenyewe. Kundi litamsikia yeye kuliko litakavyomsikia kijana wake, na kuliko litakavyotusikia sisi.

Ukikuta bidhaa inayouzwa kwa madai ya uongo ya kutibu, usiishie kuwaonya jamaa zako. Hifadhi risiti, kifungashio na dawa iliyosalia. Piga picha tangazo pamoja na namba ya simu iliyotumika. Andika siku na mahali uliponunua. Kisha toa taarifa katika ofisi inayomlinda mlaji au mamlaka ya dawa iliyo karibu nawe. Kama umekwisha kuitumia na unajisikia vibaya, nenda kwanza hospitali, na chukua kifungashio chake ili daktari ajue ulichokimeza. Malalamiko yanaweza kusubiri hadi kesho.